Fezi Tatu kwa Bi Mwanasha

Vijana wangu, mmenijia mara tatu sasa mkitaka niwachoree ile sakiti niliyoitengeneza Kuze, huku Mji wa Kale, miaka ya tisini, iliyokuwa ikichukua stima ya kawaida ya nyumbani na kutoa fezi tatu. Mmesikia habari zake kwa baba zenu, na nyote mwaniuliza jambo moja: transista zilikuwa za aina gani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ilitumika wapi. Basi nimeona niandike, kwa sababu nikianza kusema kwa mdomo nitatia mzaha, mtacheka, na mtaondoka na mchoro peke yake.

Ujana wangu niliufanyia kazi bandarini, katika karakana ya mota, chini ya Mzee Mwakio. Alikuwa Mtaita mrefu, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na ovaroli yake ilipigwa pasi. Sijaona mtu mwengine aliyepiga pasi ovaroli. Hakupiga kelele hata siku moja. Ukikosea alikuuliza swali ambalo jibu lake unalijua, kisha akangoja. Kungoja kwake kulikuwa kubaya kuliko matusi ya wasimamizi wote wa karakana ile. Kutoka kwake nilijifunza kushika waya kwa nyuma ya mkono kwanza, kunusa mota kabla ya kuipima, na kutoamini lebo iliyobandikwa na mtu nisiyemjua.

Nilipoacha kazi nikafungua duka la kutengeneza redio Kuze, mlango mmoja, upana wake mikono miwili. Nyumba ya tatu kutoka hapo aliishi Bi Mwanasha, mjane wa makamo, aliyeoka mikate ya boflo na kukaanga mahamri kwenye chumba cha chini cha nyumba yao. Alikanda unga kwa mikono, yeye na jirani yake Saumu, kuanzia alfajiri. Nikipita asubuhi nilimwona ameinama juu ya sinia, mikono imezama hadi viwikoni, mabega yakipanda na kushuka. Alipoinuka alishika kiuno kwanza, akasimama hivyo kidogo, ndipo akaitikia salamu.

Kaka yake, Abdalla, alikuwa dereva wa lori, akiliegesha Makupa. Siku moja akamletea mashine ya kukandia unga aliyoipata hoteli iliyofungwa huko bara. Chombo kizito cha chuma, bakuli lake laweza kuogeshea mtoto, na mkono uliopinda kama ndoana uliokuwa ukizunguka ndani ya bakuli. Lori halikuweza kuingia uchochoroni. Hamali wanne waliibeba kwa mkokoteni, kona mbili wakakwama, na mwenye nyumba moja akatoka kulalamikia ukuta wake. Bi Mwanasha alisimama mlangoni amejifunga leso, akicheka kama msichana.

Kisha wakaniita niiunganishe. Nikasoma kibao cha mota, nikakuna kichwa. Mota ilitaka fezi tatu, na uchochoro ule wote ulikuwa na fezi moja. Nikamwambia.

"Kwa hivyo haifai?" akauliza Bi Mwanasha.

"Haifai hapa, dada."

Akaipangusa ile mashine vumbi kwa ncha ya leso, ingawa haikuwa na vumbi. "Basi tutaifanya meza," akasema.

Neno hilo ndilo lililonitia kichaa. Laiti ningaliliacha.

Niwaeleze tofauti, maana najua chuoni mwafundishwa kwa hesabu. Umeme wa nyumbani ni kama mtu mmoja anayetwanga peke yake: anainua mchi, anashusha, na baina ya pigo na pigo kinu kimenyamaza. Fezi tatu ni wanawake watatu kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, wakipokezana bila kugongana. Kinu hakipumziki. Ndiyo maana mota ya fezi tatu haihitaji kusukumwa ili ianze. Umeme wenyewe unazunguka, nayo yaufuata.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato. Waya mbili za mota nikazipa umeme wa nyumbani, na ya tatu nikaipa umeme huohuo uliopitia kapasita ili uchelewe kidogo. Mota iliguna kama mzee aliyeamshwa, ikazunguka. Tulipotia unga, ikasimama. Bi Mwanasha akasema, "Hata mimi nikiwa na homa nakanda zaidi ya hivi."

Ndipo nikaingia kwenye elektroniki. Chipu ndogo ya miguu minane ilipiga mapigo kama saa, mia tatu kwa sekunde. Chipu ya pili ikayahesabu, moja mpaka sita, kisha ikarudi moja. Kutokana na hesabu hiyo nikapata amri tatu, kila moja ikichelewa thuluthi ya mzunguko nyuma ya mwenziwe. Wanawake wangu watatu hao. Amri zikaenda kwa transista kubwa sita, mbili kwa kila fezi, moja ya kuvuta juu na moja ya kuvuta chini. Transista nilizitoa kwenye mitambo mibovu iliyouzwa kama chuma chakavu. Mwaona, hata jibu la swali lenu nimewapa, na halina maana: zilikuwa zilizopatikana.

Mara ya kwanza nilipowasha, transista ya juu ilikuwa haijamaliza kufunga na ya chini imeshafungua. Zote sita zikapasuka mfululizo kama bisi. Jirani yangu mshona kofia akaja mbio na ndoo ya maji, nikamzuia mlangoni kwa mwili wangu. Baadaye nikajifunza kuacha nafasi ndogo baina ya kufunga na kufungua, transista zote mbili zinyamaze kwanza. Mara ya pili mota ilizunguka kinyume, ikautema unga, na Saumu akawa mweupe kutoka utosini hadi kidevuni. Hilo halikuwa tatizo. Ukizibadilisha nafasi waya mbili kati ya tatu, mota hugeuka.

Tatizo lililobaki lilikuwa starta. Mashine ilikuja na kisanduku chake cha chuma, kitufe cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Ndani yake mlikuwa na koili ya sumaku iliyotaka volti mia nne na kumi na tano ili ishike. Sakiti yangu ilitoa zaidi kidogo ya nusu ya hizo. Mota niliweza kuiunganisha kwa namna iliyokubali volti hizo, lakini koili ilitetemeka tu na kuachia. Nikahangaika nayo siku mbili. Siku ya tatu nikaing'oa starta nzima, nikaitupa chini ya meza, na mahali pake nikaweka swichi ya kawaida, kama ya taa.

Nilipokuwa nikiijaribu dukani, kwa mota niliyoifungua kwenye mashine, stima ikakatika, kama ilivyokuwa ikikatika miaka ile. Baada ya muda ikarudi, na mota ikaanza kuzunguka yenyewe, taratibu, bila mimi kuinua kidole. Nisikilizeni hapa. Nilifurahi. Nilisimama nikaitazama kama baba anayemtazama mwanawe akitembea. Nikajisemea, tazama, haihitaji hata kuguswa.

Kwa mwaka mmoja ilikanda vizuri. Bi Mwanasha alinenepa kidogo, akanyooka mgongo. Watu walikuja kutoka Makadara kutazama. Mafundi wenzangu waliniita injinia, nami sikuwakataza. Mara moja nilimsikia Bi Mwanasha akimwambia mteja, "Huyu Fundi Khamisi amenirudishia kiuno changu." Nilitembea hadi dukani nikiwa mwepesi. Sijapata kusikia sifa tamu kama ile, na sitaki tena kuisikia nyengine.

Ramadhani ikafika. Mji wa Kale mnaujua mwezi ule: mikate yote inatakiwa kabla ya magharibi, na kila mtu anaitaka yake. Saa nane mchana, Bi Mwanasha alikuwa na unga bakulini, umekandwa nusu, stima ikakatika. Wakangoja yeye na Saumu. Saa tisa ikakaribia. Akaona akingoja zaidi watu watafuturu bila mkate, basi akaamua kuutoa unga aumalizie kwa mikono, kama alivyofanya maisha yake yote. Akainama juu ya bakuli. Unga ulikuwa umeng'ang'ania ile ndoana ya chuma, akapitisha mkono wa kulia nyuma yake ili auvute.

Stima ikarudi.

Mimi nilikuwa dukani. Niliiona taa yangu ikiwaka na feni ikianza, nikasema alhamdulillahi. Kisha nikasikia sauti ya Saumu. Nilipofika, Saumu alikuwa ameukumbatia ule mkono wa chuma kwa mikono miwili, akiuvuta ili usiende, na mota ilikuwa ikiguna. Niliigonga swichi kuu ukutani. Ikawa kimya. Bi Mwanasha hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa juu ya ukingo wa bakuli, macho wazi, akiniangalia. Tuliurudisha ule mkono wa chuma nyuma kwa kuuzungusha mkanda wa mashine kwa vidole, kidogo kidogo, na kila tulipozungusha niliusikia mfupa. Sitasema zaidi.

Hospitali walimkata vidole vitatu. Mfupa wa mkono ulivunjika pahala pengi, ukaunga vibaya, na kiwiko hakikukunjuka tena. Mkono wa kulia. Aliyekula nao, aliyekanda nao, aliyeandika nao barua za majirani wasiojua kuandika.

Baada ya wiki moja Mzee Mwakio akaja. Alikuwa amestaafu, yuko katika safari ya kurudi kwao Taita moja kwa moja, na habari zilikuwa zimemfikia. Hakuja dukani kwangu kwanza. Alikwenda kumpa pole Bi Mwanasha, kisha akaniomba nimwoneshe mashine. Akaizunguka mara moja tu. Akaitazama ile swichi ya taa.

"Starta iko wapi, Khamisi?"

"Nimeitoa."

"Kwa nini?"

"Koili haikushika. Volti hazikutosha."

Kisha akauliza swali lake. "Ile koili, stima ikikatika, hufanya nini?"

Akangoja. Nilikuwa mtu mzima, nina mvi, nami nikajibu kama mwanagenzi.

"Huachia," nikasema.

"Na stima ikirudi?"

"Haishiki mpaka mtu abonyeze kitufe."

Ndiyo kazi yake, vijana. Kitufe cha kijani huonekana kama cha kuwasha tu, lakini nyuma yake mna mlinzi. Mashine ikizimika kwa sababu yoyote ile, hubaki imezimika mpaka mtu aamue kwa mkono wake. Alinifundisha hayo mwezi wangu wa kwanza karakanani. Ningeweza kuweka koili ya volti za chini. Ilikuwa kazi ya alasiri moja, na vifaa nilikuwa navyo kwenye kopo. Sikuwa nimesahau kazi ya koili. Nilikuwa nimekasirishwa nayo kwa sababu iliikataa sakiti yangu.

"Umewaambia?" akauliza Mzee Mwakio.

"Bado."

"Waambie."

Akanipa mkono, akaondoka. Sikumwona tena. Alifia kwao, nikapata habari zimeshapoa.

Sikuwaambia. Nitawaeleza jinsi mtu anavyonyamaza, maana hamtafundishwa chuoni. Siku ya kwanza nilisema mgonjwa ana maumivu, si wakati wake. Wiki ya pili nikasema tuiache Idi ipite. Baadaye watu walishapata wa kulaumu, na hapo kunyamaza kukawa rahisi. Wengine waliilaumu stima. Wengine walisema ni amri ya Mungu. Lakini wengi, na Abdalla mbele yao, walimlaumu Bi Mwanasha mwenyewe. Mashine alikuwa ameileta Abdalla mwenyewe, na nadhani hakuweza kulala na hilo, basi akatafuta pa kulitua.

Jioni moja nilikuwa nimekaa kwao, nimeletewa chai, Abdalla akimwambia dada yake mbele yangu: "Mtu mzima kama wewe, stima imekatika, hujui kuzima swichi? Hata mtoto angezima."

Bi Mwanasha akasema polepole, "Nilisahau, kaka."

"Umesahau! Tazama sasa."

Nami nikatazama chai. Ilikuwa na utando juu. Nikaupuliza.

Hivyo kwa miaka mitatu. Tanuri likafungwa. Saumu akaenda kufanya kazi nyumba za watu. Mashine wakaiuza kwa wanunuzi wa chuma, na ile sakiti yangu Abdalla akaniletea kwa heshima, imefungwa kwenye gazeti, akisema, "Hii yako, Fundi, isipotee." Niliivunja kwa nyundo siku hiyohiyo. Nilipoulizwa nilisema imeungua. Kwa hivyo msiitafute.

Nilikwenda kwake mwaka wa tatu, baada ya laasiri. Sikwenda kwa ushujaa. Nilikuwa nimeanza kuogopa kupita mlangoni kwake, nikawa nazunguka kwa uchochoro wa nyuma kwenda msikitini, na siku moja nikajiona nikijificha kwenye kona, mtu wa umri wangu.

"Hodi."

"Karibu, kaka Khamisi. Msalkheri."

"Akheri."

Alikuwa amekaa ghorofani, kwenye mkeka, akichambua mchele kwa mkono wa kushoto. Nikakaa. Nikamweleza yote, tangu koili mpaka ile siku mota ilipojiwasha dukani nami nikafurahi. Nilisema kwa maneno mepesi, nikachora kwa kidole juu ya mkeka. Nilitaraji atalia, au anilaani. Nilikuwa tayari kwa yote mawili, na nakiri kwenu kwamba nilikuwa nimetamani pia la tatu, yaani anisamehe.

Aliendelea kuchambua mchele mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo hata kama swichi sikuizima," akasema, "mashine haikutakiwa kuanza."

"Haikutakiwa."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ile."

"Miaka mitatu naitwa mpumbavu nyumbani kwetu," akasema. "Nikilala najiuliza, mbona sikuzima? Nikiamka najiuliza hilohilo. Na wewe ulikuwa waja hapa, wanywa chai."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Sasa umekuja kuniambia ili mimi nifanye nini, Khamisi?"

Hilo swali sijalijibu mpaka leo. Nilisema, "Nimekuja kuomba radhi."

"Mkono umekwenda. Radhi sijui kama ninayo, nikiipata nitakupa." Akaiweka sinia ya mchele chini. "Lakini wale walio barazani chini, kaka yangu na wenziwe, hao ndio wanaonisema. Shuka kawaambie. Sema kwa sauti. Mimi nitakuwa dirishani."

Nikashuka. Abdalla alikuwepo na wazee wanne wa mtaa, wamekaa kama kila jioni, buli la kahawa katikati. Nikasimama mbele yao, sikukaa. Nikasema kosa lilikuwa langu. Nikasema niling'oa kifaa cha usalama kwa makusudi, kwamba Bi Mwanasha hakukosea kitu, na kwamba mtu yeyote aliyeingiza mkono pale angepatwa na yaleyale. Nilisema kwa sauti ya kufika juu.

Kisha mzee mmoja akanishika mkono.

"Pole sana, Fundi," akasema. "Umeubeba mzigo huu peke yako muda wote huu?"

"Yalikwisha andikwa hayo," akasema mwengine. "Usijitese. Wewe ulitaka kusaidia."

Abdalla akainuka, machozi yanamlengalenga, akanikumbatia. "Wewe ni ndugu yetu," akasema. "Wangapi wangekuja kusema? Mwanamume hasa wewe."

Wakasogea wakanipisha nafasi. Nilikuwa nangoja mmoja wao ainue uso, atazame dirishani, aseme neno moja tu: Mwanasha, tumekukosea. Hakuna aliyesema. Nami, niliyekuwa najua kilichonipeleka pale, niliyekuwa na ulimi wa kuwaambia, jamani, pole hii si yangu, ipelekeni juu, nikaketi. Mtu akamimina kahawa, akaniwekea kikombe mkononi. Juu yetu nikasikia kipande kimoja cha dirisha kikivutwa, kisha cha pili, polepole, kama kinavyofungwa na mtu mwenye mkono mmoja. Kahawa ilikuwa moto, nami nikainywa yote.